Moshi wa Bwana Mshangama

Bwana Mshangama, mwenye kiwanda cha dawa ya mbu ya kuchoma, alitua kizimba cha panya kwenye meza ya maabara.

"Dakta Tunu, wavutishe hawa moshi, kama wafanyavyo wenzako."

"Panya wako rudi nao. Mapafu yao si ya watu."

Akamsogezea hadubini. Alipochungulia, kwenye kisahani seli za njia ya hewa zilikuwa hai, vinyweleo vyake vikiyumba kama mpunga shambani.

"Za nani hizi?"

"Zako. Nilizitoa kwa ile brashi niliyokupitishia puani mwezi uliopita, ukacheka. Si unasema dawa yako haina madhara? Haya, zifukize mwenyewe."

Bwana Mshangama aliwasha kiberiti kwa hasira. Kisha akachungulia tena, vinyweleo vikiyumba, huku moto ukitambaa kwenye njiti kuelekea vidoleni mwake.