Nta Isiyoshika Bilauri

Bi Biasha aliuchomoa mshumaa mzima kutoka ndani ya bilauri kwa vidole viwili, akauweka mezani, kisha akamtazama Riyama.

"Nta haijashika, mwanangu. Wageni wangu wakiuona huu watanicheka."

Riyama alitamani ardhi ipasuke immeze. Miezi mitano alikuwa akijifunza kutengeneza mishumaa ya bilauri katika chumba cha chini cha nyumba yao ya mtaa wa Malindi, na mama huyu, mwenye nyumba ya wageni Makunduchi, ndiye wa kwanza kutaka mishumaa sitini kwa mpigo. Angeipata kazi hii, angefanya shughuli zake nyumbani, karibu na mama yake. Hilo ndilo alilolitaka kuliko vyote. Tangu baba yake afariki alikuwa ameshakataa posa mbili, ili mama asibaki peke yake.

"Nipe wiki moja, Bi Biasha."

"Nnakupa." Lakini hakuinuka. Alichukua andazi la pili, akauliza nani kalipika.

"Riyama!" alidakia Bi Salhiya, mama mtu, kabla binti hajafungua mdomo. Riyama hakujua hata iliki ilikaa kopo gani.

"Na mapazia haya, nani kayadarizi?"

"Riyama huyohuyo."

Bi Biasha alitabasamu, akavitazama vidole vya Bi Salhiya. Kwenye kucha kulikuwa na unga bado.

Mgeni alipoondoka, Bi Salhiya aliufunga mlango akauegemea. Alikuwa na miaka arobaini na minane, na kwa hesabu zake mwenyewe alikuwa keshazeeka, kazi iliyombakia duniani ni kumwoza Riyama.

"Yule hakuja kwa mishumaa," alisema. "Yule katumwa kutazama mchumba. Mtu wa mishumaa anauliza mapazia?"

Hakuwa akizua. Mjini hapa watu hawaanzi kwa kuposa. Hutangulizwa mwanamke mwenye macho makali, aje kuazima mwiko au kununua ubuyu, huku akiipima nyumba na waliomo.

"Mama! Mie nataka aipende nta yangu tu. Na nikiolewa, wewe utabaki na nani?"

"Ntabaki na akili zangu. Zinantosha."

Riyama alirudi kwenye sufuria yake. Aliharibu bilauri tisa ndipo akalijua kosa: alikuwa akimimina nta ya moto mno kwenye kioo kibaridi, kisha akiiwekea feni ipoe upesi. Nta ikisinyaa kwa pupa hujivuta, ikakiachia kioo. Safari hii aliziosha bilauri kwa sabuni, akazikausha, akazianika juani mpaka zikawa vuguvugu. Aliisubiri nta ipungue moto, akaimimina taratibu, akazifunika kwa boksi mbali na upepo. Bilauri tatu za majaribio alizipindua na kuzitikisa, na hakikutoka kitu. Alipiga kigelegele peke yake.

Akaanika nyengine saba, akaenda kuoga. Aliporudi alijaza sita za kumwonyesha Bi Biasha, kila kitu vilevile. Asubuhi ya miadi, zote sita zilikuwa zimebanduka.

Riyama alikaa chini akalia kweli. Kisha akaichukua ile bilauri moja iliyobaki tupu, akainusa.

"Mama! Hizi bilauri umezifanyaje?"

"Nimezifukiza udi," alisema Bi Salhiya kwa fahari. "Mkwe anakuja, vyombo visinukie?"

Kumfukizia mgeni vyombo ni heshima, hakuna atakayebisha. Lakini moshi wa udi ulikuwa umeacha utando wa mafuta ndani ya kioo, na nta haikupata pa kushika. Bi Salhiya alipoelezwa aliona haya. Alikusanya bilauri zote, akachukua siki na kitambaa, akakaa kuzisugua moja moja. Chetezo cha udi alikipeleka mwenyewe kwa jirani, kikae huko mpaka aambiwe.

Riyama alipiga simu kwa woga kuomba siku mbili zaidi, akaeleza mkasa wa udi. Bi Biasha alicheka mpaka akapaliwa.

"Mama yako ndiye kafanya hivyo? Na sasa anazisugua mwenyewe?"

"Naam. Hataki hata nimsaidie."

"Mwambie nnakuja Alkhamisi."

Alkhamisi akaja. Aliipindua bilauri iliyojazwa upya, akapiga kitako chake kwa kiganja, mara mbili, kwa nguvu. Nta haikutikisika. Akajaribu nyengine, na nyengine.

"Sitini," alisema. "Zote ziwe kama hizi."

Riyama alimkumbatia bila kufikiri, kisha akaomba radhi.

Bi Salhiya alikohoa. Alikuwa amemvalisha binti yake dera jipya na kumkalisha mbele, penye mwanga. Yeye mwenyewe alikuwa na kanga ya jikoni.

"Na lile jambo jengine, Bi Biasha? Sema tu, sote watu wazima."

"Nashukuru umeanza wewe," alisema Bi Biasha, akakaa vizuri. "Kweli nimetumwa. Nna kaka yangu, Kheir, yuko Kizimbani kwenye shamba la viungo. Kafiwa na mke, mwaka wa nne huu. Mpole, anaswali, hana makelele. Kanambia nimtafutie mtu mwenye moyo, nami kila nikija hapa nnazidi kuridhika."

Bi Salhiya alishindwa kuzuia tabasamu. Uso wa Riyama ulisawijika.

"Nisamehe, Bi Biasha," alisema. "Hata mishumaa ukiikataa, ikatae tu. Simwachi mama yangu peke yake. Siolewi."

"Na nani kakuposa wewe, mwanangu?" aliuliza Bi Biasha, akakisogeza kiti chake mbele ya Bi Salhiya. "Kheir ana miaka hamsini na sita. Nimemjia mama."