Mwizi wa Maua ya Papa

Mwizi alikuwa amekifua kitambaa tena.

Kilikuwa juu ya kaburi la Papa Rigobert, kimekunjwa vizuri, na jiwe dogo juu yake kisipeperushwe na upepo. Maua yaliyoletwa Jumapili iliyopita, yakiwa yamefungwa ndani ya kitambaa hicho kilicholowa maji, hayakuwapo. Hata jani halikubaki.

Mama Victorine, mjane wa marehemu, alikiokota kitambaa, akakinusa, akakitia kifuani.

"Iko natucheka, Mama!" alisema Myriam, binti yake. "Anaiba maua, anarudisha kitambaa. Mwizi gani ule?"

"Acha. Leta maji."

Kila mtu mwenye marehemu pale makaburini alijua dawa ya wezi. Ukishaweka maua yako, unayakata shingo, mashina yanabaki mafupi, hayafungiki tena. Ua la namna hiyo mwizi hawezi kuliuza tena langoni. Kuona kunauma, lakini marehemu anabaki na chake.

Myriam alitoa mkasi mkobani. "Leo minakata shingo yote."

"Hapana kugusa."

"Mais Mama, kila semaine, Jumapili mpaka Jumapili, Papa iko nabaki bila kitu!"

"Nilisema hapana."

Mama Victorine akayaweka maua mapya juu ya kaburi, mashina marefu, kitambaa kingine kilicholowa kikiwa kimefungwa chini yake kwa fundo la taratibu. Ungedhani yanasafiri.

Alikuwa hodari wa maua, na uhodari wake ulimtia bintiye wazimu. Nyumbani kwao Hewa Bora aliyakata Jumamosi alfajiri, kabla jua halijayachosha, kwa kisu kikali na kwa mshazari ili shina linywe vizuri. Aliondoa kila jani ambalo lingezama majini likaoza. Ndani ya ndoo alitia sukari kidogo na tone la Javel, ile dawa ya kufulia nguo nyeupe, akaiweka penye ubaridi, mbali na ndizi mbivu, maana alisema ndizi zinayazeesha maua upesi. Halafu, ajabu, alichagua matumba tu, yale yaliyofumba bado.

"Papa atayaona wakati gani yakifunguka?" Myriam alimwuliza siku moja.

"Yatafunguka pole pole. Yatamaliza semaine."

Kwa nani? Papa Rigobert alikuwa mtu wa reli. Alipokuwa hai hakujua waridi ni lipi na glayeli ni lipi, na mtu akimwonyesha aliuliza kama linaliwa. Hata hivyo Myriam alimpenda baba yake, na maua hayo ndiyo kitu pekee alichobaki nacho cha kumpa. Kila wiki kuibiwa, na kila wiki kutazama tu! Alichoka.

Nyumba yenyewe ilikuwa imebaki na wao wawili. Nono, dada mkubwa, alimfuata mwanaume mwenye mke wake hadi Sakania, na parokia nzima ikajua. Papa Rigobert hakuvumilia. Siku ya mwisho wake aliwashikisha mkewe na Myriam rozari, wakaapa: hawatampa Nono kitu kwa mikono yao, hata kikombe cha maji, na jina lake hawatalitaja tena. Mama Victorine aliapa huku akilia. Ni mtu wa kanisa; kiapo kwake ni kiapo. Ila wakati wa sala ya jioni, pale ambapo mzazi hutaja watoto wake, Myriam alimsikia akitaja jina moja tu, la Myriam, kisha akinyamaza mahali pa jina la pili kabla ya kuendelea.

Walitoka kwa lango dogo la nyuma, kama kawaida. Mama hakupenda lango kubwa, kule waliko wauza maua. Alisema vumbi lake linamkohoza.

Myriam alimpandisha mama yake teksi, akamdanganya kwamba anakwenda mazoezi ya kwaya. Kisha akarudi na mkasi wake. Angeyakata mwenyewe, yote, na Mama angegomba mpaka achoke.

Alichelewa. Mtu alikuwa amepiga magoti kaburini.

Myriam akajibanza nyuma ya msalaba wa kaburi la jirani. Mtu yule alikuwa mwanamke, amejifunika kitenge kichwani, na hakuwa na haraka ya mwizi. Aliyainua maua kwa mikono miwili, akayagusa matumba moja moja, akafanya ishara ya msalaba. Alipogeuka kuelekea lango kubwa, Myriam alimwona uso.

Alikuwa yaya Nono, dada yake mkubwa, ambaye Myriam alidhani bado yuko Sakania.

Mkasi ulikuwa mkononi, na Myriam hakujua aufanye nini. Alitaka kuita, lakini jina alikuwa ameapa kutolitaja. Alitaka kumkimbilia ampe hata sweta yake, na hilo pia alikuwa ameapa kutolifanya. Alibaki amechuchumaa, akimtazama dada yake akifika langoni, akiyatia maua ya baba yao katika ndoo yake na kukaa nyuma yake kungoja wateja.

Nyumbani, Myriam alimkuta Mama Victorine uani, akiyamwagilia mawaridi ya Jumapili ijayo. Kitambaa kilichofuliwa kilikuwa bado kifuani mwake.

"Mama," alisema Myriam. "Mwizi... nilimuona."

Mama Victorine hakugeuka. Maji yaliendelea kumiminika juu ya waridi moja lile lile, mpaka yakaisha.

"Alikonda sana?"