Mgomba wa Nyuma ya Bafu

Wageni waliokuja kujifunza kilimo kisichoharibu ardhi walikuwa na wiki moja kwa Bi Mwatumu. Asubuhi ile mmoja wao, Linnea, alimwita uani kwa furaha.

"Mama, njoo uone! Nimekata mgomba uliokwisha kuzaa, kama ulivyotufundisha. Mbolea tele!"

Ulikuwa mgomba wa nyuma ya bafu. Chini yake Bi Mwatumu alizika kitovu cha mwanawe Kombo, siku kilipokatika. Kombo mwenyewe amezikwa ughaibuni, katika kaburi ambalo mama yake hajaliona.

"Nimekosea?" Linnea aliuliza, alipomwona akikiinamia kisiki.

"Hapana, mwanangu. Umekata vizuri."

Alipobaki peke yake alipiga magoti. Katikati ya kisiki, kiini cheupe kilikuwa kimeanza kuchomoza, kama kichomozavyo katika mgomba ambao haujazaa bado. Akavua ushungi wake, akakifunika, jua lisikichome.