Kikombe Nyuma ya Pazia

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mabati ya mtaa wa Kamalondo, Brigitte alichota munkoyo, togwa ya mahindi inayochachuka, ule mzito wa chini ya chungu, akaingia na kikombe nyuma ya pazia. Kikombe kilirudi kitupu. Kisha alijifunga kikwembe, na chini ya kikwembe, upande wa kushoto wa tumbo, mfuko ulikuwa mahali pake.

"Siku ya tatu," alisema.

Donat, mume wake, alikuwa ameinama, akitoboa tundu jingine kwenye mkanda wake kwa msumari.

Mambo yalianzia mezani, Jumapili iliyopita. Donat alikuwa amesukuma sahani ya bukari bila kumaliza hata matonge mawili, akasema neno lililomkwama Brigitte kama mfupa kooni.

"Muntu anabeba choo yake ku tumbo, mu joto ya mwezi wa kumi? Bantu bote batamucheka. Ile hapana maisha, Mama Mapalo. Heri kufa."

Brigitte hakulia. Alikuwa amelia vya kutosha hospitalini.

"Siku saba," alisema. "Ku soko, mu jua, sitajificha. Ikianguka, ao muntu mumoja akifunga pua juu yangu, nitanyamaza, itakuwa vile unapenda weye. Lakini nikishinda, hautasema tena 'hapana'. Lapa!"

Donat aliapa kwa jina la marehemu mama yake, kama mtu anayeapia jambo lisiloweza kutokea.

Mwezi wa kumi hauna huruma Lubumbashi. Mvua bado iko mbali, na vumbi jekundu linasimama hewani kama limesahau njia ya kushuka. Brigitte aliuza munkoyo karibu na mafundi cherehani, chini ya mwavuli uliotoboka. Siku ya kwanza plastiki ilimgandia kwa jasho, ngozi ikamwasha kama imepitiwa na siafu. Siku ya pili gundi ililegea ukingoni. Alirudi nyumbani mbio, kiganja kikibana tumbo, na hakuna kilichoanguka. Jioni ile ile alikwenda kwa Keren, muuguzi aliyempa mfuko.

"Unabandika ngozi ikiwa na maji," Keren alimkemea. "Bandika asubuhi, kungali baridi, ikauke kabisa. Mifuko ya akiba isikae ku jua, gundi inayeyuka. Na usingoje ijae! Ikifika theluthi, mwaga. Tena kunywa maji, Mama, maji!"

Akamwongezea mifuko miwili, akamsindikiza mpaka mlangoni akitikisa kichwa.

"Tangu nianze hii kazi, sijaona muntu kama weye."

Brigitte alikata shati la zamani la Donat, la pamba, akashona vifuniko sita vya kuvisha mfuko. Pamba ikanywa jasho, plastiki ikaacha kuganda. Mifuko ya akiba aliiweka kwenye udongo wenye unyevu, kando ya chungu. Kikwembe alikifunga juu zaidi, kisibane.

Siku ya tano, jua likiwa utosini, mfuko ulijaa hewa, ukainua kikwembe mbele za watu. Chomba, muuza makaa, alikuwa wa kwanza kuona.

"Mama Mapalo! Na miaka yako yote, iko mimba?"

Soko likacheka. Wote walijua kwamba mwezi uliopita yeye na Donat walikuwa wameshinda hospitalini siku nne. Tangu hapo walikuwa wakimpima kwa macho.

Brigitte alisimama, mikono kiunoni.

"Eh, iko! Na jina tayari. Nitamuita Chomba, ju ndani iko mupepo tu."

Kicheko kikageuka, kikamwangukia Chomba. Brigitte alikwenda nyuma ya kibanda cha fundi, akatoa hewa, akarudi, akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni huku wote wakitazama.

"Nani iko na kiu?"

Kikombe cha kwanza alinunua Chomba mwenyewe.

Ng'ambo ya barabara Donat alikuwa amesimama, ameegemea ukuta. Hakuondoka mpaka chungu kilipokwisha.

Siku ya saba ilikuwa Jumapili. Wakati wa matoleo, akina mama hubeba vikapu kichwani na kucheza kutoka mlangoni mwa kanisa mpaka altareni. Binti yao Mapalo alimshika Brigitte mkono.

"Mama, leo basi ukae."

"Nitakaa siku ya kunizika."

Akacheza. Ngoma zilipomwita kiuno, kiuno kiliitika. Jasho lilimtiririka mgongoni, kikapu kikatulia kichwani, na kwenye benchi la mwisho Donat hakuondoa macho kwenye ubavu wake wa kushoto. Hakuna aliyefunga pua. Hakuna kilichoanguka.

Nyumbani, Donat aliketi kitandani, mikono juu ya magoti. Brigitte alisimama mbele yake, na mara hii hakufunga pazia. Alilegeza kikwembe, akashika gundi ukingo wa juu, akabandua polepole kama Keren alivyomfundisha. Munkoyo aliomimina asubuhi ukachezacheza ndani ya mfuko.

Chini yake tumbo lilikuwa zima: michirizi ya uzazi wa watoto wanne, na alama nyekundu ya gundi. Hapakuwa na tundu wala kovu.

Aliweka vile vifuniko vya pamba, vimefuliwa na kukunjwa, juu ya magoti ya mumewe, na juu yavyo karatasi ya upasuaji ya hospitali, yenye jina la Donat.

"Yangu imeisha, Papa Mapalo. Kesho daktari anangojea tumbo yako."