Isizimwe Kabla ya Jumamosi

"Ukigusa hiyo swichi, kijana, mimi na wewe tutajuana leo," alisema Mama Nabalayo, akajitandaza mbele ya kompyuta kama kipa anayengoja penalti.

Wabuge alirudisha mkono. Tangu asubuhi alikuwa akizunguka ofisi za chama cha wafugaji pale Kapseret, akizima kompyuta za zamani na kuweka mpya, na hakuna aliyekuwa amemtishia. Zote zilikuwa za Windows 10, ile ambayo walioitengeneza walishasema hawaitunzi tena, wala hawataziba matundu yake. Ilikuwa imebaki hii moja tu, ya karani wa kupokea maziwa.

Na hiyo moja ndiyo iliyoshikilia ugali wake. Irungu, bosi wake kule mjini Eldoret, alikuwa amemwambia bila kupepesa macho: hata moja ikibaki kwenye mtandao leo jioni, Jumatatu usije kazini. Wabuge alikuwa ameshafutwa kazi mara mbili mwaka huo. Yeye alikuwa ameanza kuzoea. Tumbo ndilo lililokataa.

"Mama, hii mashine haina mtu wa kuitetea tena. Virusi vikija vinaingia bila kupiga hodi."

"Vikuje. Vitanipata nimekaa hapa."

"Na mpya ndiyo hii, nimeshakuwekea hapa kando, inafanya kazi vizuri. Kwani shida ni gani?"

"Shida ni haraka yako. Jumamosi uje uibebe, hata chai nitakupikia. Lakini isizimwe kabla ya Jumamosi. Mwewe alinibebea kuku wangu wa pekee, sasa na wewe umekuja kubeba kompyuta. Mlitumwa na mtu mmoja?"

Nje ya dirisha, Gideon, mpima maziwa, alicheka hadi akaweka ndoo chini. "Fundi, wachana na huyo! Hiyo kompyuta anaiombea. Asubuhi, mchana, jioni, utampata amepiga magoti chini ya meza. Juzi stima ikipotea na mashine ikizimika, alivua sweta yake akaenda kufunika huko chini. Baridi yote hii!"

"Gideon, pima maziwa."

Wabuge aliinama kidogo aitazame mashine iliyokaa chini ya meza. Nyuma yake palikuwa na kipimajoto kimebandikwa kwa selotepu, kama cha mgonjwa wa wodini. Kando yake, kikombe cha maji. Kwenye skrini, kwaya tatu zilikuwa zikiimba kwa pamoja, na hakuna hata moja iliyotoa sauti.

"Mama, mbona umefungua video zote hizi?"

"Ikikaa bure inapoa."

Wabuge aliuma mdomo asicheke. Watu wa huku walilea kompyuta kama trekta: waliamini ikipoa usiku, asubuhi haitawaka. Kule Moi's Bridge aliwahi kukuta mzee ameifunika yake kwa gunia, na bado anaisukumasukuma iwake.

"Kompyuta si trekta, mama. Kupoa ndiyo afya yake. Na hicho kikombe cha maji ukitoe hapo."

"Kikombe kinakaa hapo."

"Haya. Lakini nakusifu, angalau unapima joto. Wateja wangu wengi hungoja moshi."

"Mimi siwezi kungoja moshi," alisema Mama Nabalayo, na ule ukali wote ukamtoka. Akamshika mkono. "Mwanangu, karibu wiki tatu nimelala na kuamka na hii kitu. Ukiizima leo, yote yamekufa. Yote."

 Wabuge alizifikiria zile wiki tatu: maziwa ya wakulima wote wa Kapseret, yamepimwa, yamejazwa, kisha yanapotea kwa kidole cha fundi mmoja mwenye haraka. Kupoteza kazi alikujua. Hakukupenda, na hakutaka kumgawia mtu mwingine.

"Sikiza, mama. Nitachomoa waya wa intaneti. Mashine isiyo kwenye mtandao haina wa kuiambukiza. Irungu nitamwambia nimeitoa mtandaoni, na hiyo si uongo. Wewe usichomeke waya tena, wala flashi ya mtu. Iwake mpaka Jumamosi, umalize kuhamisha rekodi zako."

Uso wa Mama Nabalayo uling'aa kama sufuria mpya. "Toa waya! Toa hata miwili! Mungu akuongeze." Kisha akakunja kipaji cha uso. "Lakini ni rekodi gani hizo? Za maziwa nilishahamisha mwezi jana."

Wabuge hakumsikia vizuri. Alikuwa ameshaingia chini ya meza kwa magoti, ameshika waya, bega lake likigusa kartoni iliyofunikwa leso na kusukumwa karibu kabisa na pale mashine ilipopulizia hewa yake ya moto.

Akachomoa.

Pii.

Akatulia. Pii, pii.

Hakuna fundi asiyeijua sauti hiyo. Ndivyo mashine kuukuu hulia ikikata roho, na hii ilikuwa imekata roho mikononi mwake. Moyo ulimshuka hadi kwenye soksi.

"Pole, mama," alisema kutoka chini ya meza. "Wallahi sikuigusa swichi. Imekufa yenyewe."

"Imekufa wapi!" Mama Nabalayo alimsukuma kando, akapiga magoti, akafunua leso, na kigelegele alichopiga kilimfanya Gideon amwage maziwa. "Huyu amekuja mapema! Bado wenzake tisa!"

Akakisogeza kipande cha ganda la yai kwa ncha ya kidole, kisha akamgeukia fundi kwa sauti ya chini, kama anayeuliza siri ya nyumbani. "Sasa niambie ukweli, mwanangu. Ile mpya, inatoa joto kama hili?"