Shanga za Fisi Maji

Sikilizeni vizuri, maana mimi sirudii. Fisi Maji alikuwa mlafi, na sasa watoto wake walikuwa wanalia njaa, maana samaki aina ya trauti walikuwa wameadimika mtoni. Akatunga chambo kwa shanga nyekundu alizookota pale watu wanapofulia, akatia kipande cha bati kinachozunguka na ndoana mwishoni. Akakifunga mkiani kwa uzi, akaogelea akikikokota.

"Mbona nyekundu, shoga?" Kaa akamuuliza.

"Zinafanana na mayai yao. Trauti akiona yai hulifuata."

"Wewe na akili zako! Haya, kokota."

Akakokota mto mzima, kwenda na kurudi. Hatimaye akatokea trauti mmoja, kizee aliyekonda, akazifuata zile shanga mpaka ukingoni.

"Uma basi, bibi!" Fisi Maji akambembeleza. "Wanangu wanakufa."

"Nilidhani ni mayai yangu," akasema yule trauti. "Nilitaga kwenye changarawe, ukayafukua, ukayala yote. Hayo ndiyo yangekuwa samaki wako leo, mwanangu. Nimebaki peke yangu."

 Fisi Maji akamkamata, akawagawia watoto, nao wakapata miiba mitupu. Hawakushiba.

Kesho yake akaingia tena majini na chambo chake. Bati likazunguka, shanga zikang'aa.

"Vuta polepole, mama, wakione!" watoto wakapiga kelele ukingoni.

Naye akavuta polepole, huku akijua hakuna wa kukiona.