Vitambaa Vyeupe vya Annastella

"Hivyo haviuzwi, dada. Chagua vingine."

Mteja alisonya, akaondoka. Hakuwa wa kwanza asubuhi ile kwenye maonyesho ya mkoa pale Bukoba. Kila aliyepita alivitaka vile vile vitambaa vyeupe vya makochi vilivyoning'inia juu ya meza ya Annastella. Angewauziaje? Alivifuma mwaka mzima chumbani kwake Kashai, kwa ajili ya sebule yake mwenyewe, siku Dastan atakapomwoa. Na Dastan, mtoto mwema aliyekwenda kwao Ijumbi kila Jumamosi kumsaidia mama yake shambani, alikuwa na sharti moja tu: mama akikukubali, nakuoa.

Alipoinua macho, mama mwenyewe huyo, amesimama mbele ya meza! Annastella alimjua papo hapo, maana Dastan aliwahi kumwonyesha picha.

Alipiga magoti, akamwamkia. Mama hakujitambulisha, akasema tu ametoka Ijumbi na anataka kufundishwa kufuma. Ahaa, ananipima, Annastella akajisemea. Basi, na mimi simjui.

Jamani, alimfundisha! Alimshika vidole juu ya sindano ya kroshia, akamwonyesha kuvuta uzi na kupitisha kitanzi. Mama akakosea, akafumua, akakosea tena. Wengine waliokuja mezani kujifunza walichoka kusubiri, wakajiondokea. Annastella hata uso hakukunja.

"Waitu, una subira mwanangu," mama alisema. "Atakayekuoa amepata mke."

Annastella nusura alie kwa furaha.

"Ila hivi vya juu," mama akaendelea, "mikono yangu hii ya jembe haitaviweza."

Annastella hakungoja aombwe. Alipanda kwenye kiti, akaviangua vyote, akavikunja vizuri, akampa kwa mikono miwili. "Chukua, mama. Zawadi yangu kwako."

Mama alimkumbatia, akambariki, akaenda zake. Annastella alibaki akitabasamu peke yake, mpaka alipouona mwavuli wa mgeni umesahaulika mezani. Aliunyakua, akamkimbilia. Alimkuta nyuma ya banda la kahawa, simu sikioni.

"Dastan, nimevipata. Bure, wala hakunidai! Kweli ulivyosema, ukimsifu kidogo tu anatoa chochote. Mwambie mkeo navileta jioni, na watoto wasipande tena makochini na tope."